Kuacha methadoni ukiwa mtu wa Kusini: ushuke dozi kliniki, ulazwe, uende soba hausi au ujifungie nyumbani?

Kijana wa Mtwara au Lindi anayekunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kutibu uraibu wa heroini, mara nyingi ameianzia Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko huduma ilikoanza: Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Akishatulia, mwili ukarudi na usingizi ukapatikana, nyumbani wanaanza kumwita. Mikorosho inataka mikono, mama anaumwa, au ukoo umekaa kikao na mjomba ametoa neno lake: kijana arudi, na hiyo dawa aiache. Hapo maswali yanafuatana. Aiache vipi? Aiachie wapi? Na kwani ni lazima aiache?

Nalinganisha hapa njia ambazo watu wa huku huzijadili kweli, na msimamo wangu nausema mapema. Usichague njia kwa kuangalia siku za arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, peke yake. Angalia mwezi unaofuata baada ya mtu kuwa mkavu kabisa, yaani hana methadoni wala unga mwilini, kwa sababu hapo ndipo tunapozika watu. Njia nzuri ni ile inayomwachia mtu mlango wa kurudi kwenye tiba akiteleza.

Arosto ya methadoni si arosto ya unga

Aliyewahi kumuuguza mtu wa unga hudhani anaijua na hii. Unga, yaani heroini, hutoka mwilini haraka. Arosto yake huanza kati ya saa 6 na 12 tangu kete ya mwisho, kile kipakti cha unga, hupanda siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki makali yanakuwa yamepita. Methadoni hukaa mwilini, ndiyo maana dozi moja kwa siku inatosha. Kwa sababu hiyohiyo huchelewa kuuma na huchelewa kuachia. Siku ya kwanza bila dozi mtu anaweza kujiona mzima, pengine hata ya pili, na jamaa wakafurahi. Kisha inakuja miayo, makamasi, machozi yasiyo na kilio, vinyweleo kusimama, jasho, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma, miguu isiyotulia usiku kucha. Hali hiyo huchukua wiki 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Usingizi mbovu na unyonge wa moyo vinaweza kuendelea kwa miezi.

Hesabu hii familia nyingi huikosea. Kaka anaomba ruhusa ya siku tano kazini ili amkalie mgonjwa, na zinapoisha ndipo makali yanapoanza hasa. Kaka anarudi kazini, mama anabaki peke yake na mtu asiyelala.

Kujifungia nyumbani, au kushuka dozi kliniki?

Naziweka njia hizi mbili pamoja kwa sababu ndizo zinazogombaniwa vikaoni.

Kujifungia nyumbani kuna mvuto wake na siudharau. Hakuna ada. Kijana yuko mbali na kijiwe alichokizoea Dar. Yuko Mikindani, Masasi au Kilwa, anapikiwa uji, anaombewa dua, anaitwa kwa jina lake badala ya kuitwa teja. Upendo huo una kazi kubwa katika kupona. Madafu na maji ya chumvi-sukari ya hospitali humsaidia aliyetapika na kuharisha. Lakini hakuna dafu wala hewa ya bahari inayoondoa arosto, na mtu aliyekuwa kwenye miligramu 80 akakata siku moja anaingia kwenye wiki kadhaa za mateso yasiyo na daktari.

Arosto yenyewe ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, ingawa kutapika na kuhara bila kurudisha maji kunaweza kumfikisha pabaya. Hatari kubwa ziko mbili, na zote huja kimyakimya. Ya kwanza ni kile anachotafuta ili alale. Duka la dawa halikosekani mtaani: atanunua tramadoli, ambayo ni jamii ileile ya dawa anayoikimbia na ikizidi inaleta degedege, au Valium, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Msimu wa mabibo kuna uraka na gongo kila upande. Methadoni ambayo bado imo mwilini ikikutana na Valium au pombe, pumzi inapungua hadi inakata, na mtu hufia usingizini huku wenzake wakidhani leo kapata usingizi.

Ya pili ni kwamba mwili umesahau. Baada ya wiki chache za ukavu, kiasi kilekile cha unga alichokuwa akivuta au kujidunga zamani bila shida sasa kinaweza kumuua mara moja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta vifo 11.3 kwa mwaka kati ya kila watu 1,000 wakiwa ndani ya tiba ya methadoni, na 36.1 walipokuwa wametoka. Wiki 4 za kwanza baada ya kutoka ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Mwezi wa kwanza niliousema hapo juu ndio huu.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa uwazi. Kumfunga mtu kamba, kumtia pingu au kumfungia chumbani kwa kufuli si tiba. Akitapika amelala chali, au akizidiwa usiku, kufuli lako ndilo litakalomchelewesha hospitali. Na akitoka humo atakuwa na hasira, mwili mkavu na hamu, vyote kwa pamoja.

Kushuka dozi kliniki ni kushuka mnazi: unahamisha mguu mmoja, unahakikisha umeshika, ndipo unahamisha mwingine. Daktari hupunguza kiasi kidogo, unakaa hapo wiki moja au mbili, mwili ukizoea mnashuka tena. Wengi huvumilia punguzo la asilimia 5 hadi 10 kwa hatua. Sehemu ya chini, kuanzia kama miligramu 30, ndiyo ngumu kuliko ya juu, na huko hatua zinatakiwa kuwa ndogo zaidi.

Chukua mfano wa mtu wa miligramu 80. Akishuka 5 kila wiki 2 hadi 30, ni wiki 20. Kutoka 30 hadi sifuri akishuka 2.5 kila wiki 2, ni wiki nyingine 24. Jumla wiki 44, karibu miezi 10. Huu ni mfano wa hesabu tu, usiupeleke dirishani, pale dozi inapotolewa, kama amri. Kuna atakayehitaji mwaka na nusu, na kuna atakayefika 40 aone hapo ndipo pake kwa sasa. Lakini unakuonyesha kwa nini mtu anayekuambia "nitakusafisha kwa siku saba" anakuuzia kitu ambacho mwili haukijui.

Ukizilinganisha kwa pesa, kliniki za serikali hazitozi methadoni. Gharama ni ya kuishi Dar miezi yote hiyo: chumba, chakula, nauli ya kila siku. Kwa familia ya Tandahimba hiyo si pesa ndogo, na ni halali kuiweka kikaoni. Ninachoomba ni kwamba mkiipiga hesabu, mpige na gharama ya kuanza upya akirudi kwenye unga.

Kinachonifanya niiweke njia hii mbele ni mlango wa kurudi. Mtu akishuka hadi 25 akaanza kuona kete kwenye ndoto, anamwambia muuguzi, dozi inapandishwa kidogo, maisha yanaendelea. Aliyejifungia Mikindani hana dirisha la kugonga.

Na jambo la tarehe: usipange dozi ya mwisho iangukie Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni miezi ya minada ya korosho, fedha inatembea, na waliokuwa wakimuuzia wanajua nani kalipwa. Wengine hupanga kumaliza kabla ya Ramadhani ili wafunge. Nia ni njema, ila kukata ghafla wiki ya mwisho ya Shaabani ni kujitesa. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, amuulize sheikh, na daktari naye aulizwe.

Kulazwa hospitali za kwetu

Huku tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine kwa watu wa Lindi, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao ambazo watu wa Masasi na Mtama wanazijua tangu enzi za wazee. Kulazwa kunasaidia kwa mambo yanayoonekana: dripu kwa aliyekaukiwa maji, dawa ya kuzuia kutapika na kuhara, dawa ya maumivu. Ipo pia klonidini, inayopunguza jasho na mahangaiko ila hushusha presha, kwa hiyo haifai kunywewa nyumbani bila kupimwa. Muuguzi wa afya ya akili anaweza kumkalia mtu aliyeanza kusema hataki kuishi.

Ila kitanda cha wodi ni cha siku chache na arosto ya methadoni ni ya wiki. Ukienda kulazwa ukiwa umetoka kwenye 80 juzi, utaruhusiwa kurudi nyumbani katikati ya safari. Kulazwa kunafaa zaidi kama kituo cha mwisho cha mtu aliyeshashuka hadi chini kabisa, au kama msaada wa dharura.

Kabla hujasafiri na mgonjwa, tangulia wewe. Nenda kitengo cha afya ya akili ukaulize nani atamwona, dawa gani zipo siku hiyo, na akitoka nani atamfuatilia. Papo hapo uliza ni kliniki ipi ya methadoni iliyo karibu inayopokea wagonjwa wa uhamisho. Huduma hizi zimekuwa zikisogezwa mikoani mwaka hadi mwaka, usitegemee habari ya jirani ya zamani. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119, nayo ni ya kuuliza.

Wapo ambao kwao hospitali si hiari. Anayekunywa pombe kila siku, au aliyezoea Valium: kuacha hivyo viwili ghafla kunaleta degedege na kunaweza kuua, tofauti na arosto ya methadoni. Mwenye ugonjwa wa moyo. Aliyewahi kujaribu kujiua.

Na mama mjamzito. Huyu hashushwi dozi nyumbani wala hakatishwi. Arosto kali kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Ushauri wa kitabibu ni aendelee na methadoni mpaka ajifungue, tena dozi huweza kuhitaji kupandishwa miezi ya mwisho. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, inayotibika hospitalini, na mama ananyonyesha. Mashangazi watasema analisha mtoto sumu. Wapelekeni kwa mkunga awaeleze wenyewe.

Soba hausi

Soba hausi, yaani nyumba za upataji nafuu, ziko nyingi zaidi Dar, Bagamoyo na Zanzibar kuliko huku kwetu. Nyingi hufuata mpango wa kupona wa hatua 12 na hazitaki mtu awe anatumia chochote, methadoni ikiwemo. Kwa hiyo swali la kwanza unalouliza kwa simu ni hili: mnampokea mtu aliye kwenye dozi, au mnataka aje mkavu? Wakisema aje mkavu, basi soba hausi si mahali pa kuachia methadoni. Ni mahali pa kwenda baada ya kuiacha, na kwa kazi hiyo nazikubali sana. Mtu anapata ratiba, wenzake wanaojua anachopitia bila kuelezwa, na mwezi ule wa hatari anaupitia akiwa na macho ya watu juu yake.

Ada ni ya kila mwezi na hutofautiana sana. Waulize kama wamesajiliwa, kama kuna muuguzi, kama ndugu anaruhusiwa kumtembelea na kuongea naye faragha, na mtu akitaka kuondoka kabla ya muda nini kinatokea. Nyumba inayojibu swali la mwisho kwa kusema "haondoki", iache. Na akimaliza, asipandishwe basi siku ileile peke yake na pesa mfukoni.

Kubaki kwenye dozi

Njia hii haitajwi vikaoni kwa sababu wengi wanaona methadoni ni unga wa serikali. Si kweli. Aliye kwenye dozi inayomfaa hapati ulevi, hana arosto, anafanya kazi, anaoa, analea. Mwenye kisukari tunamwachia dawa zake miaka yote bila kumwitia mjomba. Ukitazama tena zile takwimu za vifo, kubaki ndiyo njia salama kuliko zote nilizozitaja, na sioni aibu kuisema mbele ya kikao chochote.

Ugumu wake kwetu ni barabara. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na dozi kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu kila siku. Mtu hawezi kulima Newala na kunywa Temeke. Hata safari fupi ina hatari: Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga, Kilwa, mabasi yakakwama pande zote mbili. Aliyekuja kuzika kwa siku mbili akakwama, dozi zikampita. Akikosa siku 3 mfululizo, kliniki nyingi humpunguzia kwanza kisha humpandisha upya, kwa sababu mwili unakuwa umeshalegea na dozi ya zamani inaweza kumzidi. Asikasirike dirishani, na asifiche siku alizokosa.

Kwa hiyo anayetaka kubaki kwenye dozi na pia kuishi karibu na nyumbani aombe uhamisho wa kliniki. Na mwenye msiba au harusi aombe mapema kama anaruhusiwa dozi za kubeba. Zikitolewa, zifungiwe mahali mtoto hafiki: dozi ya mtu mzima aliyezoea inaua mtoto, na inaua mtu mzima asiyezoea.

Wapo pia wanaodhani methadoni haiwafanyii kazi tena, kumbe kinachosababisha ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa methadoni mwilini haraka, mtu akaingia arosto akiwa anakunywa dozi yake kila siku. Dawa ya VVU ya efavirenzi hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kifafa. Hapo tiba ni daktari kurekebisha dozi. Kuacha methadoni kwa sababu hiyo ni kosa, na kuacha dawa ya TB ni kosa kubwa zaidi.

Ukinibana nikuchagulie

Kama upo Dar, umetulia mwaka au zaidi, huna kete mkojoni, una mtu wa kukaa naye na kuacha ni hamu yako mwenyewe: shuka pale pale kliniki, miezi mingi, ukimaliza kaa wiki chache karibu na dirisha kabla ya kupanda basi. Kama una uwezo, ingia soba hausi kwa mwezi wa hatari na zaidi.

Kama hamu ni ya mjomba na si yako, bado usiache. Muombe mjomba aje kliniki siku moja akae na daktari. Wazee wetu wakielezwa kwa heshima wanaelewa, nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja.

Kama una mimba, TB, au bado unavuta unga juu ya dozi, baki kwenye dozi na irekebishwe.

Kama umesharudi Kusini na umeshaikata, siku ya tatu leo na mwili unawaka, usijilaumu na usiende duka la dawa. Nenda Ligula au Sokoine, taja dozi uliyokuwa nayo na siku ya mwisho kunywa. Wakikupa njia ya kurudi kwenye methadoni, ichukue.

Na ninyi mnaokaa naye: ukimkuta amelala haamki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi ni za kuhesabu, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa nukta, usimmwagie maji wala kumpa maziwa. Mlaze ubavu, mtu mmoja abaki akimwangalia pumzi, mwingine atafute bajaji au gari hadi hospitali. Waambie pale mlangoni kwamba ni unga au methadoni, msione haya, kwa sababu ipo dawa ya sindano iitwayo naloksoni na daktari hawezi kuifikiria haraka mkimficha. Hata akiamka baada ya sindano, asiruhusiwe kuondoka saa hiyo: methadoni hukaa mwilini kuliko naloksoni, na anaweza kuzama tena.

Siku ya kwenda kuongea na daktari kuhusu kushuka au kuhama, beba kadi ya kliniki, majina ya dawa zote unazokunywa hata za kienyeji, namba ya simu ya ndugu mmoja unayemwamini, na tarehe unazojua hutakuwepo mjini. Muulize kwanza kuhusu hizo tarehe.